Kutoka Farmville hadi Delta ya Mississippi: safari ya kufuata chimbuko la harakati za haki za kiraia

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Tanga, nikiipanga upya kutokana na daftari la safari, picha za simu na bahasha iliyojaa risiti. Niliyefuatana naye ni binamu yangu anayeishi Maryland, na yeye ndiye aliyeshika usukani muda wote. Vitabu vya shule vinapozungumzia harakati za Wamarekani Weusi huanzia Montgomery, siku ya tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alipokataa kumpisha Mzungu kiti chake ndani ya basi. Sisi tuliamua kuifikia Montgomery katikati ya safari, ili kwanza tupite mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kudai haki zao kabla ya siku hiyo, na tuone walikuwa wakidai nini hasa.

Jumanne, Washington

Asubuhi yote ilipotea kwenye ofisi ya kukodisha magari, kwa kuwa gari tulilolipia halikuwapo na lililoletwa badala yake lilikuwa na taa ya onyo isiyozimika. Tulipewa la tatu saa sita mchana. Gari la kawaida kwa wiki moja lilitugharimu dola 410, na juu yake dola 150 kwa sababu tulitaka kulirudishia Memphis badala ya Washington. Anayeweza kurudi alikotokea ataiepuka gharama hiyo ya pili, ingawa atailipa kwa mafuta na uchovu.

Kwa muda uliobaki tulitembea Chuo Kikuu cha Howard. Hapo ndipo Charles Hamilton Houston alipoisimamia shule ya sheria hadi mwaka 1935, akaigeuza kutoka shule ya masomo ya jioni kuwa mahali pa kuwanoa mawakili weusi kwa kazi moja mahususi, yaani kuibomoa sheria ya utengano kwa kutumia mahakama zilezile zilizoihalalisha. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua mwaka 1896 kwamba kuwatenga watu kwa rangi kunaruhusiwa maadamu huduma ni sawa. Houston aliukamata upande wa pili wa hukumu hiyo: kama ni sawa, basi na iwe sawa kwelikweli, na majimbo yalipe gharama ya kuwa na vyuo viwili vyenye hadhi moja. Mwanafunzi wake Thurgood Marshall, aliyehitimu mwaka 1933, alishinda pamoja naye kesi iliyofungua milango ya shule ya sheria ya Maryland mwaka 1936. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kumjua Marshall kwa jambo jingine, kwa kuwa mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, na akaandika rasimu ya vifungu vya haki za binadamu.

Jumatano, Farmville, Virginia

Safari ya kutoka Washington ilichukua zaidi ya saa tatu na nusu, nyingi zikiwa kwenye msongamano wa magari kabla ya Richmond. Baada ya hapo barabara ni nzuri, misonobari pande zote, na hakuna la kusimulia hadi Farmville, mji mdogo wa matofali mekundu.

Shule ya Robert Russa Moton sasa ni makumbusho. Ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180, na ilipofika mwaka 1951 ilikuwa na zaidi ya 450, bila ukumbi wa mazoezi wala chumba cha kulia chakula. Bodi ya elimu ya kaunti, badala ya kujenga shule nyingine, iliongeza mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi za lami, na watu waliopita barabarani waliyadhania kuwa mabanda ya kuku. Tarehe 23 Aprili 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, pamoja na wenzake wachache, walimtoa mwalimu mkuu shuleni kwa simu ya uongo iliyodai kwamba kuna wanafunzi wenye matatizo mjini, kisha wakawaita wanafunzi wote ukumbini na kuwaongoza kugoma. Tulikaa katika ukumbi huohuo. Viti vimepangwa kuelekea jukwaa, na mama mmoja anayefanya kazi pale alitueleza kwamba walimu waliombwa kwa adabu watoke nje kabla hotuba haijaanza, ili asiwepo mtu mzima wa kuadhibiwa kwa yale yatakayosemwa.

Jambo ambalo nililiandika kwa herufi kubwa daftarini ni kwamba watoto wale hawakudai kusoma pamoja na Wazungu. Walidai jengo jipya. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson, wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, ndio waliowaambia kwamba chama hakitaendelea na kesi za kuomba majengo. Ikiwa wazazi wako tayari kuushambulia utengano wenyewe, watapewa mawakili. Wazazi walikutana, wakabishana, wakakubali. Kesi yao ilikuwa miongoni mwa tano zilizounganishwa katika hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954, ambamo Mahakama ya Juu ilikataza kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma, na ndiyo pekee kati ya hizo iliyoanzishwa na mgomo wa wanafunzi. Malipo yake yalikuwa makali, kwa kuwa kaunti ilipolazimishwa kutii hukumu iliamua kufunga shule zote za umma kuanzia mwaka 1959 hadi 1964. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi walipelekwa kwa ndugu wa mbali, walisomeshwa makanisani, au walikaa nyumbani hadi umri wa shule ukawapita.

Barbara mwenyewe hakubaki. Wazazi wake, wakihofia usalama wake, walimpeleka Alabama kwa ami yake Vernon Johns, mchungaji wa kanisa la Kibaptisti la Dexter Avenue huko Montgomery. Ni kanisa lilelile ambalo miaka mitatu baadaye lilimwajiri kijana aitwaye Martin Luther King.

Chakula cha jioni kilikuwa kuku wa kukaanga na kunde, dola 14 kwa sahani, bila bahashishi. Anayefuata miiko ya Kiislamu na aulize kabla ya kuagiza mboga: majani yale mapana yanayofanana na sukuma wiki huchemshwa na kipande cha nguruwe karibu kila mahali Kusini, na menyu haisemi. Wahudumu hawakuudhika kuulizwa, na mmoja alitutengenezea bamia pembeni bila kutuongezea bei.

Alhamisi, Summerton, Carolina Kusini

Zaidi ya saa tano za barabara kuu, mvua kubwa katika Carolina Kaskazini, na pancha moja iliyotuchelewesha saa nzima. Waliosimama kutusaidia walikuwa wawili, mzee Mzungu na mjukuu wake, ambao walikuwa na jeki bora kuliko yetu na hawakutaka hata soda.

Summerton haina makumbusho makubwa, na wasafiri wengi huipita kasi wakielekea Charleston. Kwangu ndiyo iliyokuwa kiini cha safari nzima. Mwaka 1947 mkulima Levi Pearson, akihimizwa na Mchungaji Joseph DeLaine, aliomba kaunti ya Clarendon itoe basi la shule kwa watoto weusi. Watoto wa Kizungu walikuwa na mabasi 30, weusi hawakuwa na hata moja, na baadhi yao walitembea kilomita 14 kwenda shule. Wazazi walikuwa wamechanga na kununua basi kuukuu, nalo likawa linaharibika kila mara, kwa hiyo waliomba angalau mafuta na matengenezo. Jibu lililotolewa ni kwamba watu weusi hawalipi kodi ya kutosha, na si haki kumtaka Mzungu awabebe. Kesi ya Pearson ilitupwa kwa hoja kwamba shamba lake limekatwa na mpaka wa wilaya ya shule, na benki na wafanyabiashara wakamnyima mkopo na mashine za kuvuna.

Aliyeomba basi akanyimwa, sasa akaomba shule. Novemba 1949 wazazi walitia saini hati mpya ya madai, na kwa kuwa majina yalipangwa kwa alfabeti, kesi ilibeba jina la Harry Briggs, mhudumu wa kituo cha mafuta. Alifukuzwa kazi. Mkewe Eliza, mfanya usafi wa moteli, naye alifukuzwa. Nyumba ya DeLaine iliungua mwaka 1951 na kanisa lake likachomwa mwaka 1955, kisha akalazimika kulikimbia jimbo asirudi kuishi humo tena. Ni kwa ajili ya kesi hiyo mwanasaikolojia Kenneth Clark alikuja na wanasesere wake weupe na weusi, akawauliza watoto 16 wa kaunti hiyo yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Majibu yao yalisomwa mahakamani. Majaji wawili kati ya watatu waliukubali utengano, lakini wa tatu, J. Waties Waring, Mzungu wa Charleston, aliandika mwaka 1951 kwamba utengano wenyewe ndio ukosefu wa usawa. Miaka mitatu baadaye, katika hukumu ya Brown, Mahakama ya Juu ilifikia uamuzi wa maana hiyohiyo.

Kanisa la Liberty Hill, ambako mikutano mingi ilifanyika, liko nje ya mji na simu yetu haikuwa na mtandao. Tuliuliza kituo cha mafuta. Mzee mmoja mweusi, aliyekuwa akijaza pikapu yake, alituuliza tumetoka wapi, na tulipomwambia, alisema, "Basi nifuateni, si mbali." Alituongoza hadi mlangoni, akashuka, akatueleza kwamba anawafahamu wajukuu wa watu kadhaa waliotia saini, na kwamba wengi wao wanaishi New York au Baltimore kwa sababu hapa babu zao hawakupewa tena kazi. Alikataa pesa ya mafuta. Kama unakwenda huko, pakua ramani kabla ya kuondoka mji mkubwa, na usitegemee kupata chumba Summerton penyewe. Moteli ziko karibu na barabara kuu, nasi tulilipa dola 72 kwa vitanda viwili.

Ijumaa

Siku nzima barabarani kupitia Augusta na Atlanta. Msongamano wa Atlanta haupungui hata saa tisa alasiri. Tuliingia Montgomery usiku.

Jumamosi, Montgomery

Makumbusho ya Rosa Parks yamejengwa mahali alipokamatwa. Hadithi ya mshonaji aliyechoka, iliyoenea hata kwetu, inapungua uzito kila hatua unayopiga humo ndani. Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP tangu mwaka 1943. Mwaka 1944 alitumwa Abbeville kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mama kijana aliyebakwa na kundi la Wazungu ambao hawakushtakiwa. Dereva aliyemwitia polisi, James Blake, ndiye aliyewahi kumshusha kwenye basi mwaka 1943 kwa sababu hakutaka kulipa mbele kisha ashuke na kuzunguka hadi mlango wa nyuma. Majira ya joto ya mwaka 1955 alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander huko Tennessee. E. D. Nixon, aliyekwenda kumwekea dhamana pamoja na wakili Mzungu Clifford Durr na mkewe Virginia, alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala ya treni na kiongozi wa chama cha wafanyakazi hao, kazi iliyomfanya asitegemee mshahara wa mwajiri yeyote wa Montgomery.

Wala Parks hakuwa wa kwanza mwaka huo. Claudette Colvin, wa miaka 15, alikamatwa tarehe 2 Machi 1955, na Mary Louise Smith, wa miaka 18, mwezi Oktoba. Viongozi walizipima kesi zao na kuona hazifai kubeba mapambano ya mji mzima, uamuzi ambao bado unawauma baadhi ya watu niliozungumza nao, nami naona wana sababu, kwa kuwa ni wanawake hao wawili pamoja na Aurelia Browder na Susie McDonald ambao majina yao yako kwenye kesi iliyoshinda. Kesi ya Parks mwenyewe ilikwama kwenye rufaa za mahakama za jimbo.

Kilichonishangaza zaidi ni barua. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Wanawake la Kisiasa, alimwandikia meya tarehe 21 Mei 1954, siku nne baada ya hukumu ya Brown, akimwonya kwa lugha ya heshima kwamba mashirika zaidi ya 25 yanafikiria kuyasusia mabasi. Usiku wa kukamatwa kwa Parks aliingia chuoni na wanafunzi wawili na mwalimu mwenzake, wakatumia mashine ya kurudufisha hadi alfajiri, na maelfu kwa maelfu ya vipeperushi vya kuwaita watu wayasusie mabasi yakasambazwa kabla wachungaji hawajafanya kikao chao.

Na madai ya waliosusia mabasi? Madereva wawe na adabu. Weusi wakae kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele, kwa kufuata aliyetangulia, bila mtu kunyanyuliwa. Na madereva weusi waajiriwe kwenye njia za mitaa ya weusi. Utengano wenyewe ulibaki. Ni kama Summerton na Farmville: ombi dogo ambalo mwenye mamlaka mwenye busara angelikubali siku hiyohiyo. Mji ulikataa. Nyumba ya King, kiongozi wa ususiaji huo, ikalipuliwa tarehe 30 Januari 1956, na siku mbili baadaye wakili Fred Gray akafungua kesi ya shirikisho ya kuufuta utengano wa mabasi kabisa. Mahakama ya Juu iliwapa ushindi mwezi Novemba, na watu walirudi kwenye mabasi tarehe 21 Desemba, baada ya siku 381 za kutembea kwa miguu na kupandishana magari.

Fedha za mafuta ya magari hayo zilitoka sehemu nyingi, lakini ninayempenda kuliko wote ni Georgia Gilmore, mpishi, aliyewakusanya wanawake wakapika kuku, samaki na keki na kuziuza hata kwa Wazungu. Kundi lao walilipa jina la Klabu ya Kutoka Kusikojulikana, ili mtoa fedha asitajike.

Kwa wanaofuata: katikati ya Montgomery panatembeleka kwa miguu, na maegesho mwisho wa juma hayakutusumbua. Makumbusho ya Legacy na kumbukumbu ya walionyongwa na makundi ya watu, iliyofunguliwa mwaka 2018, tulizitembelea zote kwa tikiti moja ya dola 5. Tenga siku nzima, na usimpeleke mtoto mdogo kwenye kumbukumbu bila kumwandaa.

Jumapili, Dexter Avenue

Tulihudhuria ibada, binamu yangu akiwa na kitambaa chake kichwani na mimi na kofia yangu mfukoni, na tukakaribishwa kwa jina mbele ya watu wote. Kanisa ni dogo kuliko picha zinavyoonyesha, na liko hatua chache kutoka jengo la serikali ya jimbo, ambako Jefferson Davis aliapishwa mwaka 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga. Baada ya ibada mama mmoja wa makamo alitupeleka kula nyumbani kwa dada yake, watu wanane mezani, na akatufungia keki ya viazi vitamu kwa ajili ya barabara.

Yeye ndiye aliyetukumbusha jambo lililotusogeza kwenye hatua iliyofuata. Tarehe 27 Novemba 1955, siku nne kabla ya Parks kukamatwa, daktari T. R. M. Howard wa Mississippi alihutubia katika kanisa hili, King akiwa mwenyeji wake na Parks akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Alizungumzia mauaji ya Emmett Till.

Jumatatu na Jumanne, Delta ya Mississippi

Zaidi ya saa tano hadi Sumner. Baada ya Batesville vilima vinaisha ghafla na nchi inakuwa bapa kabisa, pamba hadi upeo wa macho, na vituo vya mafuta ni vichache. Jaza tangi likiwa bado nusu. Kambare wa kukaanga kwa dola 12 alitushibisha wote wawili.

Till alikuwa mvulana wa Chicago wa miaka 14 aliyekuja kuwatembelea ndugu zake Agosti 1955. Duka la Money, ambako alidaiwa kumkosea heshima mwanamke wa Kizungu, sasa ni magofu yaliyomezwa na mimea. Alichukuliwa usiku wa tarehe 28 kutoka nyumba ya babu mdogo wake, Mose Wright, na mwili wake ulipatikana katika mto Tallahatchie siku tatu baadaye. Mama yake, Mamie, aliagiza jeneza liachwe wazi ili watu waone alichofanyiwa. Katika mahakama ya Sumner, iliyorudishwa ilivyokuwa mwaka 1955, mfanyakazi wa kituo cha kumbukumbu alitufungulia ukumbi na kutuonyesha mahali Wright aliposimama na kuwanyooshea kidole watuhumiwa, jambo ambalo mtu mweusi wa kaunti ile alilifanya akijua kwamba atalazimika kuhama. Waamuzi 12, wote wanaume wa Kizungu, walitumia dakika 67 kuwaachia huru. Kibao kilicho ukingoni mwa mto kiliwahi kutobolewa kwa risasi mara kadhaa, hadi mwaka 2019 kikawekwa kisichopenya risasi.

Kutoka hapo tulikwenda Mound Bayou, mji ulioanzishwa na watu weusi mwaka 1887, ambako Daktari Howard aliishi na ambako mashahidi wa kesi ya Till walipata hifadhi. Shirika lake, lililoundwa mwaka 1951, lilisambaza vibandiko vya magari vilivyosema usinunue mafuta mahali usiporuhusiwa kutumia choo. Choo cha kituo cha mafuta: kwa mara nyingine dai lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Miongoni mwa wanachama wake walikuwa Medgar Evers na Amzie Moore, mwenye kituo cha mafuta mjini Cleveland, hukohuko Mississippi, aliyekataa kubandika vibao vya kutenganisha wateja. Ni Moore aliyempokea Robert Moses kutoka New York mwaka 1960 na kumweleza kwamba Mississippi inahitaji uandikishaji wa wapiga kura kabla ya jambo lolote. Moses huyo, katika miaka ya 1970, alifundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro.

Jumatano, Memphis

Gari lilirudishwa bila tatizo. Kwa watu wawili tulitumia takriban dola 1,650, yaani gari, mafuta, vyumba, chakula na viingilio, bila nauli ya ndege.

Aliye na siku mbili zaidi ashuke kusini hadi Baton Rouge, Louisiana, ambako sisi hatukufika. Juni 1953 Mchungaji T. J. Jemison na waumini wake waliyasusia mabasi kwa takriban wiki moja kwa sababu madereva walikataa kutii amri ya mji iliyowaruhusu weusi kukaa kwenye viti vilivyo wazi, na wakaendesha magari ya bure kuwabeba watu kwenda kazini. Mapatano yaliyofikiwa yaliwabakishia Wazungu viti viwili vya mbele, na wengi mjini hapo hawakuridhika. Desemba 1955 King alimpigia simu Jemison kumwuliza magari yale yalipangwaje.